Aliyeogopa kwa Niaba Yetu: Kumuaga Fundi Abdulghafur Ubaid, Mkaguzi Mkuu wa Magari

Tarehe 31 Desemba 1998, Fundi Abdulghafur Ubaid atastaafu baada ya kukitumikia Chama cha Mbio za Magari cha Mvita kwa miaka ishirini na tisa na miezi kumi. Aliingia kazini tarehe mosi Machi 1969 akiwa na nyundo moja ndogo mfukoni, na anatoka na nyundo ile ile, ingawa mpini ameubadilisha mara nne. Sherehe ya kumuaga tumeiweka Jumamosi ya tarehe 12, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, katika ukumbi wetu hapa Buxton. Ameshatuma ujumbe kwamba angependa kuvipitia viti vyote kabla wageni hawajavikalia.

Wasiomjua watadhani huo ni mzaha. Sisi tunaomjua tumevipanga viti kwa safu, vinamngoja aje avigonge.

Nimeombwa mimi niandike wasifu wake kwa sababu tumekaa meza moja miaka kumi na tisa, yeye na magari yake, mimi na saa zangu za kupimia. Mwenyekiti alisema niandike jambo la kuchangamsha. Nimejaribu, na mahali pengine nitafaulu. Lakini kila nikimkumbuka Fundi Ghafur akiwa kazini, jambo la kwanza linalonijia ni hofu, na sioni kwa nini nilifiche hilo siku ya kumuaga.

Alizaliwa Kibokoni, Mji wa Kale, mwaka 1938. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani, na duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye baraza mbele. Mteja akileta cherehani iliyogoma, mzee hakuanza kwa kuifungua. Aliigonga kwanza hapa na pale kwa bisibisi, akasikiliza, kisha ndipo akasema kilichoharibika. Mwanawe alikulia chini ya meza ile, na alipofika umri wa kwenda kazini alikuwa na sikio ambalo hakuna chuo kinachoweza kumpa mtu.

Kazi ya mkaguzi ni rahisi kuieleza. Kabla gari lolote halijaingia mbioni, yeye huingia chini yake, akakagua breki, usukani, magurudumu na mikanda, kisha akasema liende au lisiende. Akisema lisiende, hakuna rufaa. Wakaguzi wengine hutazama tu. Fundi Ghafur hutazama, kisha hugonga. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna chuma chembamba ambacho mafundi hukiita tairodi, na ndicho kinacholigeuza gurudumu dereva anapozungusha usukani. Kikikatika, dereva hubaki ameshika usukani usiomtii, na gari huenda linakotaka lenyewe. Fundi hukigonga mara moja akatega sikio. Chuma kizima hulia, na sauti ikavutika kidogo. Chuma chenye ufa hutoa mlio mmoja mfupi, mzito, kikanyamaza. Akiridhika, alikuwa na desturi ya kupiga mstari wa chaki kwenye gurudumu la upande ule, kisha akasogea kwenye linalofuata. Hata gurudumu la akiba, ile spea, alilikagua rimu yake na kulipiga chaki vile vile. Shikeni habari ya chaki hiyo, maana ndiyo iliyotutoa roho.

Tuseme ukweli: Fundi Ghafur ni mwoga, na yeye mwenyewe hakatai. Huyu ni mtu aliyekagua maelfu ya magari ya mbio na hajawahi kuendesha hata moja. Huja kazini kwa baiskeli yenye kengele mbili, moja ikiharibika iwepo nyingine. Lifti hapandi, ngazi huzipanda akiambaa na ukuta, na mahali penye jenereta hupita kwa upande wa pili wa barabara. Mke wake, Bi Swafia, aliwahi kutulalamikia kwa uchungu wa kweli. "Nyumbani hatuna raha," alituambia. "Sufuria yuwanigongea, birika yuwanigongea, hata kitanda hakilali mpaka kimegongwa." Na mwaka 1986 Fundi alimteremsha mgeni rasmi kutoka jukwaani mbele ya umati, kwa sababu ubao mmoja haukumpendeza sautini. Mgeni yule alisimama juani robo saa nzima huku ubao ukipigiliwa upya, na mwenyekiti wetu wa wakati huo hakumsemesha Fundi mpaka Iddi.

Woga huo hakuzaliwa nao. Mwaka 1974, kabla hajaanza kugonga, alilipitisha kwa macho tu gari la rafiki yake Gunga. Lilionekana zima. Kilomita chache baada ya kuanza, tairodi ilikatika, na Gunga akaingia na gari lake katika mnazi. Hakufa, lakini hakutembea sawasawa tena. Fundi alikwenda kumtazama hospitalini kila siku kwa miezi miwili, na aliporudi kazini ile nyundo ndogo, ya marehemu baba yake, ilikuwa imetoka mfukoni na iko mkononi. Tangu siku hiyo, alituambia, kila gari analolikagua huliona kwanza likiwa limekwisha kuanguka, kisha huanza kulitafutia sababu.

Sasa nije kwenye siku ambayo wengi wenu mnaikumbuka kwa jina lake tu, siku ya Tononoka.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 28 Novemba 1993, raundi ya sita na ya mwisho ya mwaka. Raundi tano za kwanza hukimbiwa bara, lakini ya mwisho huwa ni hapa kisiwani, katika uwanja wa Tononoka, mizunguko kumi na mitano. Ubingwa ulikuwa baina ya watu wawili. Mmoja alikuwa Dzoro Kingi, dereva wa matrela, mkaazi wa hapa hapa Buxton, gari namba saba. Wa pili alikuwa Mung'aro, gari namba nne. Alama zao zilikuwa sawasawa, kwa hiyo atakayemtangulia mwenzake kumaliza ndiye bingwa. Dzoro alikuwa amekuwa wa pili miaka mitatu mfululizo. Alikuwa na miaka arubaini, mgongo unamsumbua, na alikuwa amemwambia kila mtu mtaani kwamba hashindani tena baada ya siku hiyo.

Ukaguzi ulifanyika asubuhi mbele ya Ngome ya Yesu, kama kawaida, huku waongoza watalii na wauza vinyago wameacha shughuli zao kutazama. Fundi alianza na namba moja, akaja namba mbili, akaendelea. Alipomaliza namba nne, ya Mung'aro, aliipiga chaki spea yake pia. Wakati huo gurudumu la mbele kushoto la namba saba likawa limeanza kupoteza upepo, na spea ya Dzoro haikufaa. Mung'aro akamtolea yake. Wageni hushangaa wakisikia hivyo, kwamba mtu anamwazima gurudumu yule anayegombea naye taji, lakini kwetu hiyo ni ada, na aliyemnyima mpinzani wake spea angeona haya kupita mtaani. Mafundi wa Dzoro wakalifunga, na mstari wa chaki ukiwa juu yake.

Fundi alifika namba saba akaanza upande wa kulia. Aligonga, akasikiliza, akapiga chaki. Hapo akaitwa. Mgeni rasmi amewasili, maofisa wote wakamwamkie. Alikwenda, akasimama kwenye mstari, akapeana mkono, akarudi baada ya dakika kumi. Akainama upande wa kushoto, akaona mstari wa chaki, mkono ni wake, chaki ni yake. Akaamini kwamba upande ule alikwisha kuugonga kabla ya kuitwa. Akasogea namba nane.

Saa tisa alasiri Tononoka ilikuwa imejaa mpaka juu ya kuta. Kilichowatenga watu na njia ya magari ni kamba ya katani iliyofungwa kwenye vigingi, na mbele kabisa walikuwa wameketi chini wanafunzi wa shule za jirani, miguu yao imepita chini ya kamba. Ninaiona miguu ile mpaka leo. Magari mawili ya mbele yalikuwa kwenye mstari, namba nne na namba saba, injini zinanguruma. Mkuu wa mbio, Bwana Barnabas, alikuwa amekwisha kuikunjua bendera.

Fundi Ghafur alikuwa amesimama kando ya meza yangu. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mbodze, ile rimu ya kijani kwenye namba saba yatoka wapi?"

Rimu za Mung'aro zilipakwa rangi ya kijani, za wengine zote zilikuwa chuma kitupu. Nikamwambia ni spea ya Mung'aro, wameazimana asubuhi. Aliikazia macho ile rimu. Nilipogeuka kumtazama, midomo yake ilikuwa imekauka.

"Chaki ile niliipigia spea," alisema. "Tairodi ya kushoto sikuigonga."

Nitaandika kilichofuata kwa sababu ni kweli, wala si kwa kujisifu. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia gari limetembea lenyewe kutoka Ngome hadi hapa, halina neno. Nilimwambia Dzoro amengoja miaka mitatu, na kwamba akilitoa gari kwenye mstari umati huu utatula wazima. Niliogopa watu, na niliogopa kuona uso wa Dzoro. Yeye hakuwa akinitazama. Alikuwa akiitazama ile miguu chini ya kamba.

Kisha akaenda. Mtu asiyepanda lifti alitoka nyuma ya meza akaingia njiani, mbele ya magari mawili ambayo madereva wao walikuwa wakitazama bendera tu. Nyundo alikuwa ameiinua juu ya kichwa ili Barnabas aione. Nilifumba macho, na nilipoyafumbua alikuwa ameweka kiganja chake juu ya boneti ya namba saba.

Sheria yetu ni fupi. Gari likitolewa kwenye mstari, wenzake hawalingoji. Dzoro alivua kofia yake ya mbio akapiga kelele ambazo ziliwafikia watu wa kamba ya mbali. "Mzee, waniua! Waniua nikiwa mzima!"

"Kosa ni langu," Fundi alimjibu. "Gari sikulikagua lote. Litoe."

Likatolewa. Bendera ikashuka, Mung'aro akaondoka na wengine nyuma yake. Fundi alijitupa chini kwenye vumbi, akaingia nusu ya mwili chini ya namba saba. Mimi nilikuwa nimebonyeza saa bila kuambiwa. Alipotoka akainua mkono kwamba gari liende, saa ilisoma sekunde ishirini na sita.

Tairodi ilikuwa nzima. Ililia vizuri. Haikuwa na ufa, haikuwa na kasoro, haikuwa na lolote.

Dzoro aliendesha mizunguko kumi na mitano ambayo sijaona mtu akiendesha hivyo kabla wala baadaye, na kila alipopita kona karibu na wanafunzi niliushika ukingo wa meza. Aliwapita wote isipokuwa mmoja. Mung'aro alimaliza akiwa mbele yake kwa sekunde nne, na alipopewa taji hakulinyanyua, alilishika mkononi tu akatazama chini. Umati ulimtupia Fundi maganda ya machungwa na kumwita mwoga. Aliondoka uwanjani akisukuma baiskeli yake, na Bi Swafia akampokea na maganda mabegani.

Ripoti ya siku hiyo aliiandika mwenyewe na mimi nikaipiga taipu. Ilikuwa na mistari mitatu. Alisema alidanganywa na chaki yake, kwamba kosa halikuwa la Dzoro wala la Mung'aro, na kwamba yuko tayari kuondoka. Kamati yetu ina watu saba. Wanne walisema abaki, watatu walisema aende. Akabaki kwa kura moja.

Baada ya hapo mstari wa chaki ulihama. Tangu Januari 1994 Fundi hupiga alama zake kwenye boneti, kitu ambacho mpaka sasa hakuna aliyewahi kumwazima mwenzake.

Lakini Dzoro alikata salamu. Ugeni gani huo kwa watu wanaoonana kila siku, mmoja akitoka nyumbani kwake Buxton na mwingine akiingia ofisini Buxton! Fundi aliendelea kumsalimu kila asubuhi, kwa jina, na Dzoro aliendelea kupita. Tulikuwa tukijipangia shughuli saa hizo ili tusishuhudie. Siku moja nilimuuliza Fundi kama anajuta, kwa kuwa chuma chenyewe kilikuwa kizima. "Wakati ule sikujua kama ni kizima," alisema. "Baadaye nikajua. Tafauti ni hiyo tu, Mbodze, na kazi yangu ni hiyo tu."

Namba saba ilikaa chini ya turubali miaka mitatu nje ya nyumba ya Dzoro. Aliyeitoa ni binti yake, Winnie, mwalimu wa chekechea, ambaye siku za wiki huwafundisha watoto kuimba hesabu na Jumapili huendesha gari kwa namna ambayo wazazi wa watoto hao heri wasiione. Mwaka huu alianza kushinda. Alishinda raundi ya pili, akashinda ya nne, na tulipofika raundi ya sita alikuwa mbele ya Kazungu, bingwa wa mwaka jana kutoka Kilifi, kwa alama moja. Kwa mara nyingine ubingwa ulikuwa wa kuamuliwa Tononoka, na gari lilikuwa lile lile.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya tarehe 29 mwezi uliopita. Kwa Fundi Ghafur ilikuwa siku yake ya mwisho ya ukaguzi.

Saa moja asubuhi, mbele ya Ngome, alikuwa chini ya gari namba tatu. Dzoro Kingi akaja. Wauza vinyago waligeuka kutazama, na mimi nilijifanya natafuta kalamu. Alisimama karibu na miguu ya Fundi iliyokuwa imetokeza. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala.

"Shikamoo, Mzee Ghafur."

Nyundo ilinyamaza chini ya gari. Salamu hiyo ilikuwa ya kwanza katika miaka mitano.

"Marahaba, Dzoro."

"Ile namba saba," Dzoro alisema. "Mtoto ndiye yuwaendesha leo. Nakuomba uigonge mara mbili."

Fundi alitoka chini ya gari akamtazama. "Nitaigonga mara tatu," alisema. "Ndoo hapa, ulale nawe usikie."

Nawaambia, sijaona jambo la kuchekesha na la kuliza kwa wakati mmoja namna ile: wanaume wawili wazima wamelala chali chini ya gari, viatu vinne vimetokeza nje. Nyundo iligonga kushoto mara tatu na kulia mara tatu. Kila mara chuma kililia. Walipotoka, Dzoro alikuwa amelowa jasho, na asubuhi yenyewe ilikuwa bado baridi.

Mbio zilianza saa tisa na nusu. Kamba ilikuwa imesogezwa nyuma hatua kumi, kazi ya Fundi hiyo pia, aliyoipigania tangu siku ile. Winnie aliongoza mizunguko kumi. Katika mzunguko wa kumi na moja, upande unaopakana na shule, gari lililokuwa nyuma kabisa, ambalo alikuwa akilipita, lilizunguka lenyewe mbele yake. Vumbi likapanda. Tulisikia chuma kikigonga chuma, kisha vumbi likayameza magari yote mawili, na watu wa kamba ya upande ule wakaanza kukimbia.

Saa ilikuwa mkononi mwangu, kwa hiyo najua ni sekunde ngapi. Zilikuwa kumi na tisa. Katika muda huo hakuna aliyetoka katika lile vumbi. Barnabas aliita kwa redio ya mkononi na hakujibiwa. Dzoro alikuwa ameshika mkono wa ovaroli ya Fundi, ameukunja ndani ya ngumi yake, na Fundi alikuwa amefumba macho akitikisa midomo. Mimi nilikuwa nikihesabu kwa sauti bila kujijua, mpaka mtu akaniambia nikome.

Namba saba ilitoka kwenye vumbi ikienda upande, gurudumu la mbele kushoto limelala. Ilikuwa ikielekea kwenye kamba. Kisha nikaiona ikigeuka, polepole, kwa shida, ikaiacha kamba na kuingia katika rundo la magurudumu makuukuu tuliloliweka pembeni. Ikasimama. Mlango ukafunguliwa, Winnie akatoka, akaketi chini, akaomba maji.

Kazungu alipita akamaliza, ubingwa ukaenda Kilifi. Sikumbuki kama tulipiga makofi. Dzoro alikuwa amepiga magoti kando ya bintiye akimpapasa kichwa na mabega, na alikuwa akisema neno moja tu, "Umerudi, umerudi."

Fundi aliomba jeki. Gari liliponyanyuliwa tuliona tairodi ya kushoto imepinda kama kijiko, na katikati ya mpindo ufa umeingia zaidi ya nusu. Aliigonga. Hata mimi, ambaye kwa miaka kumi na tisa sikuweza kutofautisha mlio na mlio, nilisikia. Ilitoa sauti fupi, nzito, ikanyamaza. Kumbe hilo ndilo alilokuwa akilisikiliza miaka yote, kila Jumapili, katika kila gari, huku sisi tukimcheka kwa kengele zake mbili.

Alimpa Dzoro nyundo. "Gonga."

Dzoro aligonga, akasikia, akaitua nyundo chini taratibu.

"Ingeliingia mbioni na ufa, isingelifika kugeuka," Fundi alisema. "Iliingia nzima. Ndiyo sababu imemshika mpaka akaiacha kamba." Halafu aliketi juu ya gurudumu moja la lile rundo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliketi bila kulipima kwanza.

Yaliyobaki ni ya kiofisi. Siku tatu baadaye Dzoro Kingi alileta barua ya kuomba nafasi ya ukaguzi itakayoachwa wazi. Kamati imemkubali, na kuanzia tarehe mosi Januari yeye ndiye atakuwa mkaguzi wetu. Amekuwa akienda kila jioni kwa Fundi, Kibokoni, ambako Bi Swafia anasema sasa sufuria zake zinagongwa na watu wawili.

Palikuwa na tatizo moja. Sheria hairuhusu mkaguzi kugusa gari la jamaa yake, na Winnie amekataa katakata kuacha mbio. Dzoro aliliona hilo kabla yetu. Katika barua ile ile aliongeza ombi, nami nimepewa ruhusa ya kulinakili hapa: kwamba gari namba saba lisikaguliwe na yeye wala na mtu mwingine yeyote, isipokuwa Mzee Abdulghafur Ubaid, maadamu yu hai na anasikia. Kamati ilipiga kura. Safari hii zote saba zilikubali.

Kwa niaba ya madereva wote waliowahi kukutukana wakiwa kwenye mstari kisha wakarudi nyumbani kwao salama, na kwa niaba ya wale wanafunzi ambao sasa ni watu wazima na hawajui walikuwa na nini cha kukushukuru, tunasema ahsante sana, Fundi. Mimi nasema ahsante, na nakuomba radhi kwa kukwambia unyamaze. Mola akujaalie wewe na Bi Swafia umri mrefu wenye afya na utulivu, baiskeli isikusumbue, na woga ulioubeba kwa ajili yetu sasa uutue, tutaubeba wenyewe.

Ila usiutue wote. Raundi ya kwanza ni Februari. Namba saba itakuwa mbele ya Ngome saa moja asubuhi, na Winnie ameshasema hawashi gari mpaka umefika.

Mbodze
Meza ya Saa, Buxton